Utatuzi wa Matatizo ya Hita ya Maji ya Resonansi Iliyoundwa Nyumbani

Hita ya maji ya resonansi ni kifaa kidogo chenye vikombe viwili vya chuma vya umbo la nusu tufe, kimoja kikikaa ndani ya kingine bila kugusana, ambavyo huunganishwa na nyaya mbili za umeme na kuzamishwa majini. Muundo wake unaojulikana zaidi unahusishwa na Peter Davey wa Christchurch, New Zealand, na waundaji wengi wa nyumbani wameuiga kwa kutumia vifuniko vya kengele za baiskeli au bakuli ndogo za chuma. Dai linaloambatana nao ni kwamba vikombe vikitetema kwa kupatana na masafa ya umeme, hali inayoitwa resonansi, maji huchemka kwa umeme mdogo kuliko ule unaotumiwa na hita ya kawaida.

Naweka msimamo wangu mapema, kwa sababu ndio unaoongoza mpangilio wa maelezo yote yanayofuata. Vikombe hivyo viwili, kabla ya kuwa chochote kingine, ni elektrodi mbili, yaani vipande viwili vya chuma vinavyopeleka umeme majini, zilizotenganishwa na maji, na maji hayo ndiyo yanayopitisha mkondo na kupata joto. Viwandani kuna mitambo ya mvuke inayofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, wala hakuna anayehitaji kuilinganisha sauti. Kwa hiyo kila dalili inayojitokeza itafutiwe kwanza kisababishi chake katika upitishaji umeme wa maji, katika uunganishaji wa nyaya na katika vipimo. Resonansi ichunguzwe baada ya hivyo vyote kuondolewa shaka.

Kabla ya kutafuta tatizo lolote

Maelezo haya yanahusu kifaa kinachoendeshwa kwa volti 24 kutoka kwenye transfoma ya usalama, si kwa umeme wa ukutani moja kwa moja. Video na michoro mingi huonyesha vikombe vikiunganishwa na plagi ya volti 230, na hapo naandika bila kulegeza: usifanye hivyo. Maji yanayoguswa na elektrodi yenye umeme wa ukutani yanakuwa sehemu ya waya, na mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani unaweza kuuvuruga moyo hadi ukashindwa kusukuma damu.

Hesabu fupi inaonyesha pia kwamba volti 24 zinatosha kabisa kwa majaribio. Chukua vikombe vinavyotazamana kwa eneo la sentimita za mraba 100, vikiachana kwa milimita 5, katika maji ya bomba yenye upitishaji wa maikrosimensi 500 kwa sentimita. Ukinzani kati yao ni takribani omu 10. Kwa volti 24 unapata ampea 2.4, yaani wati zipatazo 58, kiasi kinachopimika vizuri bila haraka. Vikombe vilevile vikipewa volti 230 vitavuta ampea 23, yaani wati zaidi ya 5,000, hata kabla maji hayajapata moto. Nguvu hiyo inaeleza kwa nini waliojaribu kwa umeme wa ukutani hushangazwa na kasi ya kuchemka.

Transfoma iwe yenye koili mbili zilizotenganishwa kabisa. Transfoma ya koili moja, hata ile yenye kirungu cha kurekebisha volteji, haitenganishi chochote. Ili kuhakikisha, chomoa plagi, weka maltimita kwenye kipimo cha omu, kisha gusa mguu mmoja wa upande wa kuingia na mmoja wa upande wa kutoka. Mita isionyeshe muunganiko wowote. Weka fyuzi upande wa kutoka, inayolingana na uwezo wa transfoma. Chombo cha maji kiwe wazi juu daima, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke katika kanieneo ya kawaida ya hewa hutanuka zaidi ya mara 1,600, na chombo kilichofungwa hakitastahimili. Mikono isiingie majini wakati umeme umewashwa, hata kama volti ni 24.

Dalili: maji hayapati joto, au yanapata polepole mno

Pima mkondo kwanza. Ikiwa hakuna mkondo kabisa, kagua fyuzi, kisha kagua sehemu ambapo waya umefungwa kwenye kikombe. Risasi ya kuchomelea haishiki vizuri kwenye chuma kisichoshika kutu, hivyo kiungo kinaweza kuonekana kizima ilhali kimeachia chini yake. Skrubu yenye nati na washa hutegemewa zaidi.

Ikiwa mkondo upo lakini ni mdogo, kisababishi cha kawaida ni maji yenyewe. Maji ya mvua na yaliyotoneshwa yana chumvi chache sana, kwa hiyo hupitisha umeme kidogo, wakati maji ya kisima yanaweza kupitisha mara nyingi zaidi. Watu wawili wanaweza kuunda vikombe vinavyofanana kwa kila kipimo, mmoja akadai kifaa kinafanya maajabu na mwingine akadai hakifai, kumbe tofauti iko kwenye ndoo ya maji. Pima upitishaji wa maji unayotumia na uandike kila mara. Mita ndogo za kalamu zinazotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo zinatosha.

Kisababishi kingine ni nafasi kati ya vikombe. Ukiiongeza kutoka milimita 5 hadi 10, ukinzani unakaribia kuongezeka maradufu. Kuipunguza nako kuna mpaka: chini ya milimita 2 mapovu hunasa kati ya kuta mbili, na vipande vya ukoko wa chokaa vikidondoka vinaweza kuziba njia ya maji kabisa.

Usitatue tatizo hili kwa kutia chumvi ya mezani. Mkondo utaruka ghafla, chuma kitaliwa haraka, na gesi ya klorini inaweza kutoka.

Dalili: mkondo unapanda wenyewe hadi fyuzi inakatika

Hili huwachanganya wengi, na baadhi hulitaja kama ushahidi kwamba kifaa “kimeingia kwenye resonansi”. Ukweli ni kwamba upitishaji umeme wa maji huongezeka kwa takribani asilimia 2 kwa kila nyuzijoto moja, ukihesabu kutoka kipimo cha nyuzi 25. Maji yaliyovuta ampea 2.4 yakiwa na nyuzi 25 yatavuta takribani ampea 5 yakifikia nyuzi 80. Jinsi yanavyopata moto ndivyo yanavyovuta umeme zaidi, na jinsi yanavyovuta zaidi ndivyo yanavyopata moto haraka. Waya wa hita ya kawaida hauna tabia hiyo, na ndiyo maana aliyezoea hita ya kawaida huiona kasi ya dakika za mwisho kuwa ya ajabu.

Ili kujiridhisha, chora mkondo dhidi ya nyuzijoto kwenye karatasi. Mstari ukipanda taratibu bila kituko, kisababishi ni joto la maji. Ukipanda kwa kuruka na kushuka, tafuta mapovu yanayokusanyika chini ya kikombe cha juu kisha kutoroka kwa pamoja, au kikombe kinachocheza kwenye ekseli yake, yaani fimbo inayokishikilia, na kukaribiana na mwenzake. Geuza vikombe vitazame juu, au toboa tundu dogo kwenye kilele cha kikombe cha juu ili mapovu yapate pa kupitia.

Fyuzi inayokatika mara tu unapowasha ni jambo jingine: vikombe vinagusana. Chomoa plagi, toa maji, na upime omu kati ya vikombe vikiwa vikavu. Mita isionyeshe muunganiko wowote.

Dalili: kikatizi cha umeme unaovuja kinaanguka

Katika mpangilio wa volti 24 kikatizi cha miliampea 30 kilichoko kwenye ubao wa umeme hakipaswi kuanguka hata mara moja. Kikianguka, hitilafu iko kabla ya maji: transfoma imepata unyevu, au insulesheni yake imeharibika. Acha kuitumia. Usiikaushe na kuijaribu tena.

Kuna jambo ambalo halielezwi mara nyingi. Kikatizi hicho hakioni kinachotokea upande wa kutoka wa transfoma iliyotenganishwa, kwa hiyo kutulia kwake si uthibitisho kwamba upande wa maji uko salama. Pia usiunganishe mguu wowote wa upande wa kutoka na waya wa ardhi kwa kudhani unaongeza usalama, kwa sababu utakuwa umeuondoa utenganisho uliouweka kwa makusudi.

Anayeunganisha vikombe moja kwa moja na ukuta huona kikatizi kikianguka kila mara chombo cha chuma kinapokuwa na waya wa ardhi, kwa kuwa umeme hupita majini hadi kwenye chombo. Wengine hutatua jambo hilo kwa kuukata waya wa ardhi. Kifaa cha namna hiyo kinasubiri mtu wa kukishika.

Dalili: kifaa hakivumi, au kinavuma kwa sauti isiyotarajiwa

Mvumo ndio moyo wa dai lenyewe, kwa hiyo unastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Pakua programu ya simu inayochora masafa ya sauti, weka simu kando ya chombo, na uangalie kilele kiko wapi. Wengi hutarajia hezi 50 lakini wanakuta 100. Penye umeme wa hezi 60 wanakuta 120. Si hitilafu. Nguvu inayovivuta vikombe viwili hutegemea volteji iliyozidishwa kwa yenyewe, na kila wimbi moja la umeme lina vilele viwili, kimoja chanya na kimoja hasi, vyote vikivuta upande uleule. Aliyekilinganisha kikombe chake na hezi 50 kwa matumaini ya kukitetemesha amelenga masafa ambayo nguvu hiyo haina.

Kabla ya kuhusisha mvumo na vikombe, hata hivyo, hamisha transfoma. Koili na chuma cha transfoma navyo huvuma kwa hezi 100, na mbao za meza husafirisha mvumo huo hadi kwenye chombo vizuri sana. Iweke kwenye sponji juu ya meza nyingine, kisha gusa ukingo wa chombo kwa kipande cha mti kikavu huku ncha ya pili ikiwa sikioni. Mara nyingi sehemu kubwa ya sauti hupotea palepale.

Sauti nyingine ni ya kuchachatika, inayoanza kabla maji hayajachemka na kupungua yanapochemka kwa kweli. Hiyo ndiyo sauti ya birika: mapovu ya mvuke huzaliwa penye joto kali karibu na chuma, hupanda kwenye maji yaliyopoa kidogo, na hunywea ghafla. Hakuna ulinganishaji wa vikombe utakaoiondoa wala kuiongeza.

Vikombe vyenyewe vina masafa yao. Kigonge kikombe kikining’inia hewani kwa uzi na urekodi. Kisha kigonge kikiwa majini. Utaona mambo mawili: sauti imeshuka, kwa sababu kikombe sasa kinayasukuma maji yanayokizunguka, na imekufa haraka, kwa sababu maji yanaula mtetemo. Kikombe kigumu cha upana wa sentimita chache hulia kwa mamia au maelfu ya hezi, mbali kabisa na 50 au 100. Ukiongezea ukweli kwamba katika mfano wetu wa volti 24 nguvu ya mvutano wa umeme kati ya vikombe inalingana na uzito wa miligramu 8 hivi, unaona kwa nini mtetemo hauwezi kubeba wati nyingi.

Dalili: maji yamebadilika rangi, yana harufu, au vikombe vinaliwa

Rangi ya kahawia ni kutu ya chuma. Ukungu mweupe ni chokaa au, kama umetumia bati la mabati au alumini, ni metali yenyewe ikiyeyuka. Vifuniko vya kengele za baiskeli hupakwa nikeli na kromiamu, na tabaka hilo hubanduka chini ya mkondo. Umeme wa kubadilikabadilika hupunguza uchambuzi wa maji kuwa gesi lakini hauuondoi wote, hasa mkondo unapokuwa mkubwa kwenye eneo dogo. Kwa hiyo fanyia kazi penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Maji yaliyopashwa kwa kifaa hiki yasinywewe, yasipikiwe na yasipewe mifugo.

Dalili: hesabu inaonyesha joto limezidi umeme ulioingia

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu matokeo ya namna hii ndiyo yanayowafanya watu waendelee kuunda, na nyuma yake huwa kuna kosa la kipimo linaloweza kutajwa kwa jina.

Anza na hesabu yenyewe. Kilo moja ya maji inahitaji takribani jouli 4,186 ili ipande nyuzijoto moja. Gramu 500 zikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 55 zimepokea jouli 62,790. Umeme ulioingia ni wati mara sekunde. Ukigawanya cha kwanza kwa cha pili unapata ufanisi, na hita yoyote ya kawaida ndani ya chombo kisicho na kifuniko cha kuhifadhi joto itatoa jibu lililo chini kidogo ya asilimia 100.

Kosa linaloongoza ni volteji iliyoandikwa kwenye transfoma badala ya ile iliyopo. Transfoma nyingi za volti 24 hutoa volti 27 hivi zisipobebeshwa mzigo kamili. Joto hutegemea volteji iliyozidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo aliyepima ukinzani wa maji na kuhesabu kwa volti 24, wakati vikombe vilikuwa na 27, anapata asilimia 127 kutoka kwenye kifaa kisicho na ajabu lolote. Pima volteji kwenye vikombe vyenyewe, mkondo ukiwa unapita, na urudie kipimo kila dakika, kwa sababu mkondo nao unabadilika kadiri maji yanavyopata moto. Kipimo kimoja cha ampea kilichochukuliwa mwanzoni maji yakiwa baridi ndicho chanzo cha pili cha miujiza.

Kosa la tatu ni mita ya nishati ya kuchomeka ukutani. Nyingi huonyesha hatua za uniti 0.01, na hatua moja ni jouli 36,000, zaidi ya nusu ya nishati yote ya jaribio letu. Mita hiyo inafaa kwa majaribio makubwa au ya saa nyingi, si kwa nusu lita. Kifaa cha kupunguza mwanga kikitumiwa kurekebisha umeme, wimbi hukatwakatwa na maltimita ya bei rahisi husoma pungufu; tumia mita inayopima thamani halisi ya wimbi.

Kipimajoto nacho hudanganya. Maji ya moto hupanda juu, na kipimajoto kilichoning’inizwa karibu na uso husoma nyuzi ambazo chombo kizima hakina. Zima umeme, koroga kwa kijiko cha mti, subiri usomaji utulie, ndipo uandike. Vipimajoto vya kielektroniki vinaweza kuvurugwa na mkondo uliomo majini, kwa hiyo usomaji wa wakati umeme umewashwa usitegemewe. Kwa upande mwingine, usisahau joto lililomezwa na vikombe na chombo: gramu 400 za chuma hula takribani jouli 200 kwa kila nyuzijoto, sawa na jouli 6,000 katika jaribio hili, karibu sehemu ya kumi ya joto la maji.

Wanaopima kwa mvuke hukutana na mtego mkubwa zaidi. Kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke huhitaji takribani jouli 2,257, hivyo mtu hupima uzito uliopungua na kuuzidisha kwa tarakimu hiyo. Lakini maji yanayochemka kwa nguvu kati ya vikombe viwili hurusha matone, na matone hayo yameondoka yakiwa maji, si mvuke. Gramu 100 zikipungua na 40 kati yake zikawa matone, hesabu itasema jouli 225,700 ilhali mvuke wa kweli ulichukua jouli 135,420. Sogeza kioo kikavu juu ya chombo, sentimita 20 hivi, kwa sekunde moja. Ukungu laini unaotanda sawasawa ni mvuke. Vitone vyenye ukubwa unaoonekana, vikiwa na alama nyeupe vinapokauka, ni maji yaliyorushwa, kwa kuwa mvuke haubebi chumvi. Njia salama ni kuacha kuchemsha kabisa na kupima kati ya nyuzi 25 na 55.

Baada ya kurekebisha yote hayo, fanya jaribio la ulinganisho. Chukua hita ya kawaida ya volti 24, iweke kwenye chombo kilekile, kiasi kilekile cha maji, vikombe vikiwa vimezamishwa bila kuunganishwa, na uipime kwa mita zilezile hadi nyuzi zilezile. Hita hiyo ikitoa asilimia 115, basi mita zako ndizo zinazoongeza 15, na hakuna haja ya kujadili vikombe mpaka tatizo hilo liishe. Sikubali matokeo yoyote ya hita ya resonansi yasiyoambatana na jaribio hili.

Kuchunguza resonansi yenyewe

Vipimo vikishatulia, dai linaweza kujaribiwa kwa haki. Njia ya kwanza ni kuua mtetemo huku ukiacha umeme kama ulivyo: bandika kipande kizito cha mpira nje ya kikombe cha nje, au badilisha vikombe na sahani mbili bapa zenye eneo lilelile na nafasi ileile. Ikiwa jouli kwa jouli maji yanapata joto sawa, umbo na sauti havichangii.

Njia ya pili ni kubadilisha masafa. Kikuza sauti cha wati 50 kinacholishwa na programu ya simu inayotoa toni kitaweza kuendesha vikombe kati ya hezi 40 na mamia kadhaa, mradi ukinzani wa maji usishuke chini ya kile ambacho kikuza sauti kinaruhusu. Kumbuka kwamba omu 10 za maji baridi zitakuwa chini ya 5 katika nyuzi 80. Kabla ya kuunganisha, hakikisha kwa maltimita kwamba hakitoi volteji ya mkondo mnyoofu, yaani umeme usiobadili mwelekeo, kwa kuwa hiyo itachambua maji kuwa gesi. Mkondo utaongezeka kidogo masafa yanapopanda, kwa sababu kizuizi kinachojijenga kwenye uso wa elektrodi hupungua, kwa hiyo usilinganishe dakika za kuchemka. Linganisha joto kwa kila jouli iliyoingia. Resonansi ya kweli ingejionyesha kama kilele chembamba kwenye masafa fulani, na kilele hicho kingehama ukibadilisha uzito wa kikombe. Mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho nao ni jibu kamili.

Ukipata kilele, rudia kwa maji mapya yenye upitishaji uleule, kwa mpangilio tofauti wa masafa, ukianza na ya juu. Elektrodi zilizoanza kushika chokaa hupitisha umeme pungufu kadiri majaribio yanavyoendelea, na kilele kilichotokana na uchakavu huo kitahamia upande mwingine wa grafu mara tu utakapogeuza mpangilio.